Malalamiko kuhusu saa ya mashine pepe kubaki nyuma baada ya kusimamishwa

Lamu
12 Mei 2025

Kwa Meneja wa Huduma kwa Wateja,

KUH: SAA YA MASHINE YETU PEPE

Asubuhi ya Jumanne, tarehe 6 Mei 2025, saa 12:05, abiria wa boti ya kwanza ya kwenda Mokowe, upande wa bara, walikuwa wamekwisha kujipanga kwenye gati la Lamu, huku mashine yetu pepe, yaani kompyuta ya kiprogramu inayoendeshwa ndani ya kompyuta zenu, ikitoa tiketi zenye tarehe ya siku iliyotangulia na saa 5:12 za usiku. Mama mmoja aliyekuwa akimpeleka mwanawe hospitali Mombasa alizuiliwa kule Mokowe kwa kuwa tiketi yake ilionekana imekwisha muda, na karani alipojaribu kuihakikisha, mfumo ukakataa kumfungulia. Nambari ya siri ya kuingilia hubadilika kila sekunde 30 na mashine huikokotoa kwa saa yake yenyewe, kwa hiyo nambari sahihi iliyokuwa kwenye simu ya karani ilihesabiwa kuwa ya uongo. Basi la Mombasa likaondoka, na mama yule akabaki amesimama na mwanawe, tiketi mkononi.

Taarifa mliyonitumia inaonyesha kwamba mliisimamisha mashine usiku kwa ajili ya matengenezo, mkaiamsha baada ya saa 6 na dakika 53. Matengenezo siyapingi. Ninalolalamikia ni kwamba mliiamsha bila kuiambia ni saa ngapi, kisha mkanijibu kuwa kutunza saa ni jukumu la mteja, na kwamba hatukuwasha NTP, utaratibu wa kulinganisha saa ya kompyuta kupitia mtandao.

Jibu hilo si sahihi. Kompyuta inayojilaza yenyewe inajua kwamba ililala: mfumo endeshi wa Linux unapoamka husoma saa ya betri iliyomo ndani ya kompyuta na kujirekebisha. Mashine pepe iliyogandishwa kutoka nje haina habari. Kwake, sekunde ya mwisho kabla ya kusimamishwa na ya kwanza baada ya kuamshwa zimefuatana, kana kwamba usiku haukupita. Anayejua muda uliopotea ni kompyuta mwenyeji, ile inayoibeba mashine pepe, peke yake, nayo imo mikononi mwenu.

Wala si kweli kwamba hatukuwasha NTP. Programu ya ntpd, inayoendesha utaratibu huo, ilikuwa ikifanya kazi, lakini imeundwa hivi kwamba ikikuta tofauti inayozidi sekunde 1,000 hujifunga, kwa kudhani kuna hitilafu kubwa. Tofauti yetu ilikuwa sekunde 24,780. Fundi wenu alishauri saa isogezwe polepole ili isiruke. Kikomo cha kawaida cha NTP ni nusu milisekunde kwa kila sekunde, na kwa mwendo huo saa yetu ingehitaji zaidi ya siku 570 kuufikia wakati halisi. Nimeipiga hesabu hiyo mara mbili, na ninaomba naye aipige kabla ya kumpa mteja mwingine ushauri huo.

Ninaomba, kwanza, kila mnapoiamsha mashine yetu mpitishe saa sahihi kupitia wakala wa QEMU (programu ndogo iliyo ndani ya mashine pepe, inayopokea amri kutoka kompyuta mwenyeji), ambaye tulikwisha kumsakinisha na ambaye ana amri iliyowekwa kwa kazi hii hii, na mfanye hivyo kabla ya kuirudisha mtandaoni, kwa sababu tiketi ikishachapishwa haifutiki mkononi mwa abiria. Pili, mtuarifu mapema mnapokusudia kuisimamisha, nasi tutaifunga wenyewe na kuiwasha upya mkimaliza. Tatu, mturudishie ada ya mwezi huu, kwani tumelazimika kurekebisha kwa mkono tarehe za tiketi 38 na kuwalipa abiria waliokosa basi.

Ninasubiri jibu lenu la maandishi kabla ya matengenezo yenu yajayo.

Wako mwaminifu,
Msimamizi wa mfumo wa tiketi za boti, Lamu