Somo la Alhamisi: mwamba uliowafuata

Shalom wapendwa. Alhamisi saa mbili usiku tunaendelea na 1 Wakorintho 10. Kabla ya hapo naomba kila mmoja asome Kutoka 17:1-7 na Hesabu 20:1-13, taratibu, bila haraka.

Mstari wa 4 ndio uliotushinda wiki iliyopita: Paulo anasema Waisraeli waliunywea mwamba "uliowafuata". Musa hajaandika popote kwamba mwamba ulitembea! Hapa amenisaidia sana James Kugel, msomi wa Kiyahudi aliyefundisha Harvard. Kitabu chake cha 1997, The Bible As It Was, kinakusanya namna Wayahudi na Wakristo wa kale walivyoyasoma Maandiko. Wasomaji wale waliamini hakuna neno lililowekwa bure. Sasa tazameni: maji yanatoka mwambani kule Refidimu, mwanzoni mwa safari, kisha yanatoka mwambani tena Kadeshi. Wakahitimisha kwamba ni mwamba ule ule, umesafiri nao jangwani. Tena Miriamu, dada yake Musa, anakufa katika Hesabu 20:1, na mstari unaofuata tu, maji hakuna. Marabi, yaani walimu wa Kiyahudi, wakasema mwamba ule, waliouita kisima, Waisraeli walipewa kwa ajili ya Miriamu.

Paulo naye alilelewa katika usomaji wa namna hiyo, ila yeye akamwona Kristo ndani ya mwamba. Kwangu hili limeufungua mstari kabisa.

Mwenye swali alitume hapa kabla ya Jumatano jioni, nipate muda wa kulifanyia kazi. Waliokosa somo lililopita, sauti nimeiweka juu hapo.