Mheshimiwa Mbunge, alama zetu za vidole zinafanya kazi gani?

Mheshimiwa, shikamoo.

Najua una majukumu mengi, ndiyo maana jumbe zangu tatu kwa katibu wako hazijajibiwa. Leo naandika hadharani kwa sababu binti yangu wa kidato cha pili amegoma tena kwenda shule.

Kigugumizi kilimbana katikati ya shairi kwenye mahafali, basi. Mtu akarekodi, akaunti feki ya udaku ikairusha. Komenti nimezisoma zote, moja moja, usiku. Ya kwanza: "Mtoto kajitahidi." Ya pili ikamtukana mdomo. Kuanzia hapo hakuna aliyempa pole. Kila anayefika anatazama wenzake wametupa nini, naye anaokota jiwe kubwa zaidi. Sura zao ni maua, simba, wachezaji mpira. Mmoja kamwita kwa jina la nyumbani, ambalo shuleni halijulikani. Ni wa mtaani kwetu huyo. Huenda kila asubuhi ananunua maandazi yangu na kuniita mama. Siku hizi namrudishia mteja chenji huku nikimchunguza usoni. Haya ni maisha gani?

Kituo cha polisi nilipewa RB, namba ya taarifa niliyoripoti, kisha nikaambiwa nipeleke jina la mwenye akaunti. Ningelijua, ningefuata nini kituoni?

Nikukumbushe, Mheshimiwa. Kabla ya Januari 20, 2020 tulipanga foleni za kitambulisho cha Taifa na kuweka vidole ili laini zetu zisizimwe. Ukatuambia kwenye mkutano kwamba mtukanaji atajulikana kabla hajala chakula cha mchana. Sheria ya Makosa ya Mtandao ipo tangu 2015: anayemnyanyasa mwenzake mtandaoni faini yake haipungui milioni tano, au kifungo kisichopungua miaka mitatu, au vyote viwili. Maandishi mazuri sana. Nadhani kidole changu kinajulikana kwa sababu mimi ndiye ninayedaiwa songesha, ule mkopo wa kwenye simu.

Na labda, uniwie radhi, watu wanaiga. Kwenye kampeni ulimwigiza mpinzani wako anavyochechemea, uwanja mzima ukacheka. Hata mimi nilicheka.

Faini siitaki. Hata huyo mtu, basi, asikamatwe. Video ifutwe tu. Una namba za wakubwa, mimi sina. Ifutwe, Mheshimiwa, mtoto ana mtihani Novemba.

Ni mimi muuza maandazi, mkabala na ofisi yako. Jina langu katibu wako analo.