Yaya, pua ya Amani haina kesi

Liège, Ubelgiji, Jumapili jioni

Yaya Furaha, jambo sana.

Ujumbe wako wa sauti nimeusikiliza wote, hadi pale jogoo wa Mama Zawadi anapokukatiza. Kwa hiyo Baba mdogo kasimama matangani, mbele ya watu, akasema Amani si damu yetu. Kisa? Pua yake haifanani na ya marehemu Bahati, babake. Na mimi ndiye naombwa dola za kikao cha ukoo ili pua ya mtoto ijadiliwe! Bia za kikao hicho silipi.

Mfikishie haya wewe, maana simu zangu hapokei tangu nimnyime pesa ya pikipiki. Mwezi jana nilitetea kazi yangu ya chuo mbele ya maprofesa, nikatoka na distinksioni, mimi mtoto wa Kadutu, Bukavu. Kazi yenyewe: sura za kima. Misituni Kongo kima wa aina mbalimbali huchanganyika, wanakula mti mmoja. Huyu ana doa jeupe la umbo la moyo puani, yule ana ndevu nyeupe kama mzee wa kanisa, mwingine mstari mweupe umemshuka kutoka kipaji cha uso hadi mdomo. Mwaka 2014 watafiti Allen, Stevens na Higham walizipitisha picha za kima hao kwenye kompyuta, wakakuta aina zinazoishi eneo moja ndizo zinazoachana zaidi kwa sura. Inaelekea ni ili dume asipoteze nguvu zake kwa jike wa aina nyingine.

Kwa binadamu, mwaka uleule, Sheehan na Nachman wa Chuo Kikuu cha California, Berkeley, walipima. Mkono mrefu kwa kawaida huwa mpana pia. Pua haifuati hivyo, urefu una njia yake na upana njia yake. Wanasema tulihitaji kutambulikana: ukifananishwa na mwizi, kipigo ni chako. Sasa Baba mdogo anataka pua ya marehemu Bahati imfikie mtoto nzimanzima?

Marehemu Baba, enzi zake Tshivanga, kwenye mbuga ya Kahuzi-Biega, aliwajua gorila kwa mikunjo ya juu ya pua, kila mmoja na yake. Sikumsikia hata siku moja akiitumia kumfukuza mtoto kundini.

Najua atakachojibu: kwamba mimi nimetoka Baba mtupu. Kweli, huko nyumbani, Nyawera, sivuki barabara bila mzee kunisimamisha, "We si wa Tshivanga?" Huku napanda basi asubuhi na jioni, hakuna anayeniangalia mara mbili. Kuna siku natamani hata huyo Baba mdogo anisimamishe, anigombeze.

Baridi ni ya kawaida, kazi ya usiku inaendelea.

Minervali ya Amani, yaani karo ya shule, nimetuma kwa jina lako, si lake. Suti ya komunio inunuliwe mpya, asivalishwe ya binamu. Mama anifungie sambaza kavu, vile visamaki vya Ziwa Kivu, mtoto wa Mama Zawadi atanibebea. Na wakikazana na kikao chao, barua hii uisome wewe mwenyewe. Yule katibu wa ukoo huruka mistari.

Mdogo wako,
Pacifique