Kitoa machozi hakifai vichochoroni mwa Lamu

Mhariri,

Kila maandamano yakiishia kwa majeruhi, ushauri unaofuata ni ule ule: polisi wanunuliwe silaha zisizoua. Nia ni njema, lakini jina lenyewe linahadaa. Mwongozo wa Umoja wa Mataifa wa 2020 unazungumzia silaha zenye hatari ndogo zaidi ya kuua, na huo udogo una masharti yake: umbali, sehemu ya mwili iliyopigwa, upepo unakovuma, na kama aliyelengwa ana pa kukimbilia. Askari aliyefunzwa kwenye uwanja mpana wa gwaride hajaonyeshwa jinsi masharti hayo yanavyobadilika akishaingia Mkomani au Langoni, mitaa ya Mji wa Kale wa Lamu.

Nianze na kitoa machozi. Watu husema gesi, lakini CS, kemikali iliyomo, ni unga. Ilitengenezwa mara ya kwanza mwaka 1928 na Wamarekani wawili, Corson na Stoughton, na herufi za mwanzo za majina yao ndizo zilizoipa jina. Ndani ya mkebe, unga huo umechanganywa na kitu kinachowaka. Pini ikichomolewa, moto huurusha hewani pamoja na moshi. Hapo kuna mambo mawili ya kukumbuka. Mkebe wenyewe ni wa moto, unaunguza mkono na kuwasha kilicho kikavu. Na kilichopaa lazima kitue: ukutani, kwenye nguo, kwenye sinia la chakula, na kabla ya kutua hutanda chini, usawa wa mtoto na wa mzee aliyekaa barazani.

Sasa fikiria mtaa wa Mji wa Kale. Njia nyingi ni nyembamba kiasi kwamba punda wawili wenye mizigo hupishana kwa shida. Kuta za matumbawe huinuka pande zote mbili, kwa hiyo moshi hausambai, unatembea tu kama maji mferejini. Nyumba nyingi zina uwanja wa ndani ulio wazi juu, uliojengwa makusudi kuvuta upepo upoze vyumba. Uwanja huo hautofautishi upepo na moshi. Anayeumia zaidi huenda si aliyerusha jiwe bali mwenye pumu aliyelala ndani na dirisha limefungwa.

Kuna pia suala la kufyatua. Mkebe unaorushwa kwa mtutu hupaswa kuelekezwa juu, kama nyuzi 45, upae kisha uanguke ukiwa umepoteza kasi. Utaupaisha vipi chini ya wikio, kile chumba kilichovuka juu ya njia? Utagonga dari lake na kumrudia mfyatuaji, au utapita juu na kutua kwenye paa la makuti. Hapo ndipo askari aliyebanwa hushawishika kuulaza mtutu na kufyatua moja kwa moja. Mkebe uliolazwa hivyo hauna tofauti na risasi nzito. Huvunja fuvu na kung'oa jicho. Na makuti yakishika moto, gari la zimamoto haliwezi kupenya vichochoro hivi.

Upepo nao unahitaji somo lake. Mji umeelekea mlango wa bahari, ng'ambo yake kisiwa cha Manda. Kusi hutoka kusini-mashariki, kaskazi hutoka kaskazini-mashariki, na pepo zote mbili zaweza kusukuma moshi uliofyatuliwa pwani ukaingia mitaani badala ya kwenda zake baharini. Alfajiri umande, yaani upepo wa nchi kavu, hutoka upande wa bara na kugeuza hesabu nzima. Nahodha yeyote wa mashua atamweleza kamanda jambo hili kwa dakika mbili, bila malipo. Kipimo cha askari ni rahisi vilevile: rusha unga kidogo wa poda hewani, tazama unakokwenda, na urudie kila pembe ya njia, kwa maana ukutani upepo hupinda.

Lakini hatari kubwa kuliko moshi ni mlango uliofungwa. Mei 24, 1964, katika uwanja wa taifa wa Lima, Peru, polisi walirusha vitoa machozi kwenye jukwaa la mashabiki. Zaidi ya watu 300 walikufa, wengi wakiwa wamebanana ngazini mbele ya milango iliyofungwa. Accra, Mei 9, 2001, ilikuwa vivyo hivyo: zaidi ya watu 120. Kanjuruhan, Indonesia, Oktoba 1, 2022: watu 135. Kanuni za usalama za FIFA zinakataza gesi ya kutawanya watu viwanjani, na Kanjuruhan kanuni hiyo ilipuuzwa. Kazi ya kitoa machozi ni kutawanya. Palipokosekana njia ya kutawanyikia, kinachobaki ni msongamano wenye hofu. Kichochoro cha Langoni chenye watu 200, mwisho mmoja ukiwa na askari na mwingine umezibwa na mikokoteni, ni ngazi ile ile ya Lima. Mwezi wa Mfungo Sita, Maulidi yanapojaza wageni mjini, hali ni nyeti mara dufu hata kama hakuna aliyeandamana.

Kwa hiyo ombi la kwanza kwa makamanda ni kwamba kitoa machozi kisitumike kabisa ndani ya vichochoro. Ikibidi kitumike mahali pa wazi, kama pwani au Mkunguni mbele ya ngome, pawe na njia angalau mbili zilizokaguliwa na kukutwa wazi, askari asimame upande upepo unakotoka, watu waonywe kwa kipaza sauti kwa Kiswahili kinachosikika, kisha wapewe muda wa kweli wa kuondoka. Onyo linalofuatwa na mkebe baada ya sekunde kumi si onyo. Mkebe mmoja kwanza, na matokeo yake yaonekane kabla ya kuongezwa wa pili.

Muda wa kupanga haya upo. Sheria ya Utulivu wa Umma inataka waandamanaji watoe notisi siku 3 hadi 14 kabla. Siku tatu zinatosha kwa mkuu wa kituo kuitembea njia yote kwa miguu, kuandika wapi pamebana, wapi pana wikio, msikiti upi una mlango wa nyuma, na kuzungumza na maimamu, wazee wa mtaa na wenye mashua. Askari waliohamishwa kutoka bara waitembee njia hiyo pia, mchana na usiku. Matembezi hayo yana faida kuliko shehena ya mikebe mipya.

Vifaa vingine navipitia kwa haraka. Rungu: mapaja na mikono ndiyo sehemu za kulenga, kamwe si kichwa, shingo, uti wa mgongo au figo. Risasi za mpira: zilipoanza kutumiwa Ireland ya Kaskazini mwaka 1970, askari waliambiwa wazidundishe ardhini kwanza. Leo mwongozo wa Umoja wa Mataifa unakataza kudundisha kwa sababu hakuna ajuaye itakakoruka, na katika njia yenye kuta mbili za mawe hilo halihitaji maelezo. Uchunguzi uliochapishwa mwaka 2017, uliokusanya taarifa za majeruhi 1,984 wa risasi za aina hii kutoka nchi mbalimbali, ulikuta 53 walikufa na 300 walibaki na ulemavu wa kudumu. Wengi wa waliokufa au kulemaa walipigwa kichwani na shingoni.

Bunduki ya umeme aina ya Taser husifiwa sana na wauzaji. Hurusha sindano mbili zenye nyaya, na mkondo hukamilika tu iwapo zote mbili zimegusa mwili au kuukaribia mno. Kwenye kanzu pana au buibui, sindano moja huning'inia kitambaani na kifaa hakifanyi kazi. Mtu akiwa karibu mno, sindano hukaribiana, misuli hukamatwa sehemu ndogo tu, naye hubaki na nguvu za kupigana. Ikifaulu, mtu huanguka kama gogo bila kukinga uso kwa mikono: ukingoni mwa gati ataangukia majini akiwa hawezi kuogelea, na penye mitungi ya petroli ya injini za boti cheche moja inatosha. Pwani ya Lamu ina vyote viwili.

Kinachofaa zaidi kwa njia nyembamba, pale mtu mmoja anapokuwa tishio kweli, ni dawa ya pilipili iliyo katika jeli. Ile ya mvuke hurudi usoni mwa mpulizaji. Jeli hufuata mstari na kushika ilipolengwa. Isipulizwe karibu kuliko mita moja, kwa maana shinikizo lake huweza kujeruhi mboni. Kosa linaloua hapa hutokea baadaye: mtu aliyepuliziwa hulazwa kifudifudi, mikono imefungwa nyuma, askari kamkalia mgongoni. Pumzi tayari ni ya shida, kifua hakina pa kutanukia. Akishafungwa pingu, alazwe ubavu au akalishwe, apelekwe penye hewa, na asiachwe peke yake.

Stoo za vituo vya pwani nazo zikaguliwe. Hewa ya chumvi hula pini na wenzo wa mkebe, na unyevu huharibu kiwashio. Mkebe wa namna hiyo huchelewa kuwaka, au huwaka mkononi. Dawa ya pilipili hupoteza shinikizo mwaka hadi mwaka. Kila mkebe uwe na namba kwenye daftari, tarehe ya kuisha muda wake, na jina la aliyekabidhiwa. Iliyopita muda irudishwe, isimaliziwe kwenye mazoezi wala mitaani. Bomu la kishindo lisifikiriwe kabisa: punda mwenye shehena ya mawe akishtuka ndani ya kichochoro, watu hawana pa kumpisha. Nadhani vitabu vya mafunzo havina sura ya punda, ila cha Lamu kingefaa kuwa nayo.

Mengi ya haya si hisani. Jedwali la Sita la Sheria ya Huduma ya Taifa ya Polisi ya 2011 linamtaka askari ajaribu kwanza njia zisizo za nguvu, nguvu zikitumika zilingane na tishio, aliyeumia apewe matibabu mara moja, na askari aliyevaa sare awe na jina au namba yake mahali panapoonekana. Kifo au jeraha baya hupelekwa kwa IPOA, mamlaka huru ya kusimamia utendaji wa polisi. Daftari la mikebe ndilo litakaloiwezesha kujua nani alifyatua nini, saa ngapi, amesimama wapi.

Kwa wakazi, machache ya nyumbani. Moshi ukiingia, panda darini au toka upande upepo unakotoka. Usishuke vyumba vya chini. Usisugue macho. Yaoshe kwa maji safi mengi ya baridi kwa dakika 10 hadi 15; maji kidogo huamsha tu mwasho. Lensi za macho zitolewe. Kanzu au fulana ikatwe kwa mkasi badala ya kuvuliwa kupitia kichwani, itiwe mfukoni na ufungwe. Mwili uoshwe kwa sabuni na maji baridi. Mafuta ya nazi yasipakwe, kwa kuwa hukamata unga na kuubana kwenye ngozi. Maziwa, ndimu na dawa ya meno pia viachwe. Kwa wengi, mwasho hupungua ndani ya nusu saa. Anayeendelea kukoroma kifuani, mtoto mchanga, mwenye pumu na mjamzito wapelekwe hospitali bila kungoja. Chakula kilichokuwa wazi kitupwe, birika na mapipa ya maji yafunikwe mapema. Na kesho yake usifagie sakafu kavu: unga uliotua huamka upya. Pangusa kwa kitambaa cha maji, madirisha yakiwa wazi.

Msomaji wenu,
Langoni, Lamu