Mzazi nyamaza kidogo, mtoto anamwangalia jongoo

Mhariri,

Naomba kanafasi kwenye ukurasa wa barua maana hili jambo limenikaa moyoni. Sa hivi wazazi wengi wenye watoto wadogo nyumbani tunaongelea kuwafundisha kwa kutumia mazingira, udongo, majani, wadudu, mvua, na mimi napenda sana tu. Ila kuna kitu tunakiharibu wenyewe, na mimi nilikiharibu karibu mwaka mzima kabla sijashtuka. Tunamtoa mtoto nje halafu tunaanza: hii rangi gani, hesabu haya majani, sema kipepeo, sema tena. Mtoto anajibu mawili matatu anaomba simu, na sisi tunasema aah huyu hapendi mambo ya nje. Jamani, huyo kakataa mtihani, hayo mambo ya nje hata hajayaona bado.

Binti yangu alikuwa na miaka minne. Nilikuwa nimeshaprinti makaratasi ya kutosha, ratiba ipo ukutani, jumatatu maumbo jumanne rangi. Siku hiyo mvua imekatika, tumetoka kutafuta vitu vya duara, yeye kachuchumaa anamkodolea macho jongoo. Nikamwita mara ya kwanza kimya, mara ya pili kimya, nikachoka na mimi nikakaa hapohapo kwenye jiwe, na kwa sababu nilikuwa nimechoka sikuongea. Hiyo ndo ilikuwa bahati yangu. Akamgusa na kijiti, jongoo akajikunja, tukasubiri wee, akajikunjua taratibu, ile miguu ikaanza kwenda kama wimbi. Mtoto akauliza, "Mama, mbona hajikwai?"

Sikuwa na jibu, nikasema sijui mwanangu, hebu tuangalie. Ikapita kama nusu saa, yaani mtoto ambaye kwenye karatasi hamalizi dakika tano! Akaja kugundua mwenyewe kwamba karibu kwenye kila kipingili cha mwili kuna miguu miwili huku na miwili kule, kwahiyo minne, na hesabu yangu ya jumatano ikawa imeshafanyika bila mimi. Wiki kadhaa mbele tukakuta tandu nyuma ya ndoo. Nikamzuia asisogee maana tandu anauma, akasimama mbali akasema huyu siyo jongoo mama, miguu yake michache. Ni kweli, tandu kila pingili ina jozi moja tu. Sikumfundisha mimi hilo.

Msinielewe vibaya, kunyamaza siyo kumtelekeza mtoto uende kuchati. Kazi ya mzazi ipo na ni kubwa. Lazima ujue nini kina sumu hapo mnapoishi, mfano mbegu za mnyonyo (wengine wanauita mbarika) zina madoadoa mazuri mtoto lazima azitamani, na ndani yake kuna sumu kali ya kuua. Jongoo naye kuna wanaotoa majimaji yanayowasha, mtoto akijipangusa jicho ni kasheshe, kwahiyo kijiti, siyo kidole, na mikono inaoshwa kwa sabuni. Na maji, hata ya kwenye beseni, usimwache peke yake hata sekunde.

Wapo watakaosema mimi sina uwanja, nakaa ghorofani. Glasi moja inatosha. Sisi harage la kwanza tulipanda kwenye udongo likafa, kwa sababu kila asubuhi binti alikuwa analifukua kuangalia kama limeamka. Badala ya kumgombeza tukaweka jingine kwenye glasi, limebanwa na pamba yenye maji kwa pembeni ili alione bila kulifukua. Mzizi ukatangulia, ukaelekea chini. Siku moja nikakuta kalilaza glasi, nikataka kufoka nikajizuia, kesho yake ncha ya mzizi imeanza kupinda kuelekea chini tena. Akailaza upande wa pili, ukapinda tena. Hilo jaribio mimi nilifundishwa sekondari kwa kuchorewa ubaoni na sikuelewa kitu.

Halafu ndugu wanasema unamwacha anachezea udongo, atasoma lini? Mbona wazo hili ni la zamani, Mjerumani Friedrich Fröbel alianzisha shule yake ya watoto wadogo mwaka 1837, na 1840 akaiita Kindergarten, maana yake bustani ya watoto, na bustani ya kweli ilikuwepo, kila mtoto na kitalu chake. Jina tukalichukua, bustani tukaimwagia zege. Na wanaojali macho ya watoto wao, huko Guangzhou, China watoto wa darasa la kwanza waliongezewa dakika 40 za kuwa nje kila siku ya shule kwa miaka mitatu, matokeo yakatoka 2015: waliopata tatizo la kutoona mbali walikuwa kama asilimia 30, wakati kwa wenzao ambao hawakuongezewa ilikuwa karibu 40. Muda wa nje tu huo.

Makaratasi yangu bado yapo kabatini, sijayatupa, siku za mvua kubwa yanasaidia. Ila ratiba ya ukutani nimeibandua. Sa hivi tukitoka nabeba chupa ya maji na kijilensi cha kukuzia, nakaa, naulizwa, mara nyingi nasema sijui, tukirudi tunatafuta kwenye kitabu.

Shida niliyobaki nayo ni mdogo wake, ana miaka miwili, yeye utafiti wake wote anafanya kwa mdomo. Juzi nimemtoa konokono ulimini. Msomaji mwenye mbinu ya umri huo naomba aandike, maana kukaa kimya hapo kumenishinda.

Mama wa wawili