Barua kwa mwanangu: hilo sanduku lisifunguliwe

Mwanangu Mwanahamisi,

Asalaam aleikum. Sisi huku Tanga hatujambo, ila goti la mama yako limemrudia na mvua hizi. Jana ulipopiga simu ndiyo kwanza nimetoka kuswali isha, na huyo kijana wa duka la jirani alikuwa akizungumza juu ya sauti yako, kwa hiyo sikusikia yote. Nililosikia ni kwamba kompyuta haiwaki tangu umeme ukatike na kurudi, na kwamba yeye anataka kuifungua pawa saplai, lile sanduku la bati la kugawia umeme ndani ya kompyuta, "aangalie fyuzi". Sikulala. Meseji ya kumzuia nimeshakutumia alfajiri. Haya ni maelezo yake, maana kwenye simu wewe huitikia "sawa baba" huku unarudisha chenji.

Anza na vitu vya kijinga. Chomeka chaja ya simu kwenye hiyo ekstensheni uone kama inachaji. Waya wa umeme wa monita na wa CPU, yaani kasha lenyewe la kompyuta, kwa kawaida ni wa aina moja, vibadilishe. Nyuma kuna swichi yenye I na O, ibonyeze upande wa I. Ukiona na kiswichi chekundu chenye namba 230, kiache hapo hapo. Mtu akikisogeza 115 kwa umeme wetu huu, utasikia mlio mmoja, kisha moshi. Halafu chomoa waya ukutani, bonyeza kitufe cha kuwashia na ukishikilie nusu dakika, urudishe waya, ujaribu. Zipo zinazofufuka hapo.

Ikigoma, fungua ubavu wa CPU. Nimesema ubavu wa CPU, sikusema lile sanduku la bati lililomo ndani. Ufuate waya mwembamba wa kitufe cha mbele mpaka kwenye pini mbili, mara nyingi pembeni pameandikwa PWR SW. Chomoa kichwa chake, kisha gusanisha hizo pini kwa ncha ya bisibisi, mguso mmoja tu. Ikiwaka, mgonjwa ni kitufe. Hapo umeme ni mdogo kuliko wa betri ya pikipiki, usiogope.

Isipowaka, toa waya ukutani, kisha chomoa ile plagi pana ya matundu 24 kwenye mazabodi, ile bodi kubwa ya ndani. Kunjua klipu ya karatasi, unganisha tundu la waya wa kijani na la mweusi wowote, ndipo urudishe umeme, na usiishike tena hiyo klipu. Feni ya pawa saplai ikizunguka, sanduku lina uhai kiasi, tutafute kwingine. Isipozunguka, yaelekea limekufa, na lizikwe hivyo hivyo likiwa limefungwa.

Hata likiwa limechomolewa, Mwanahamisi. Hapo ndipo kijana atakapokubishia, atakwambia waya umetoka, umeme hakuna. Ndani mna kapasita, vifaa vya kutunza umeme, nene kama kidole gumba, zinashika zaidi ya volti 300, na zinaweza kubaki nazo baada ya waya kutoka ukutani. Hazilii wala hazina taa ya kukuonya.

Unaikumbuka ile bandeji ya kidole changu, niliyosema nimeungua na pasi ya kulehemea. Mama yako anaamini hivyo mpaka leo, usimwambie. Feni ya hiyo mashine yako ilikuwa inapiga kelele tangu nilipoinunua kwa mtu wa mitumba, nikataka uikute imetulia. Nikaitia mafuta ya cherehani. Ilitulia, sivyo? Lakini kile kidole hakijui moto wala baridi.

Kama feni zote zinazunguka ila monita nyeusi, hiyo habari nyingine. Chomoa umeme, toa RAM, kile kibao chembamba cha kumbukumbu, sugua yale meno yake ya dhahabu kwa raba ya penseli, uirudishe mpaka vishikizo vilie tak. Ile kompyuta niliyomfokea kaka yako kwamba ameiua, ilikuwa RAM tu. Sijapata nafasi ya kumwambia.

Kazi za wanafunzi usizililie. Zimo kwenye hadi diski, nayo huchomolewa ikasomwa kwenye mashine nyingine. Lakini na wewe, tasnifu za watu zote mahali pamoja, nakala huna! Nilikwambia ununue UPS, ile betri ya kushikilia umeme ukikatika, kabla ya mapazia. Mapazia mazuri, nimeyaona kwenye picha. Picha hiyo nimewaonyesha wazee wote barazani, nikawaambia huyu ndiye mwenye steshenari Dodoma, wanafunzi wanampangia foleni. Nilitaka uwe mwalimu, sawa, hayo yamepita. Ila shangazi yako hukumuaga, na kila Ijumaa ananiuliza.

Nimekutumia Sh 50,000 kwenye simu za pawa saplai nyingine. Ni hela ya bati la jikoni, lakini mvua yenyewe inavuja upande wa kuni tu. Nenda kanunue mwenyewe, ulichukue na la zamani mfananishe plagi, hasa ile ndogo ya pini 4 au 8 inayokaa karibu na prosesa. Huyo kijana asikusaidie kulibeba, atalifungua njiani.

Kikapu kinakuja na basi la asubuhi, kimeandikwa jina lako. Mna machungwa ya Muheza, nazi nne na papa mkavu amefungwa kwenye gazeti, mtoe mapema asinukie dukani. Kikapu ni cha shangazi yako, kirudi.

Ukishajua kama feni imezunguka au la, piga kwenye simu ya mama yako. Yangu haina chaji. Chaja ilikuwa inachezacheza, nimeifungua, iko mezani hapa.

Baba yako