Barua kwa Zuhura: Mchango wa Polisi wa Chuo

Cambridge, Massachusetts
Jumapili jioni

Zuhura mpenzi,

Assalaam aleikum. Sisi hapa hatujambo, ila baridi imeanza kuuma. Ujumbe wako nimeupata. Wauliza, tangu lini polisi wakachangiwa, hata chuo cha mwanao Mwanaidi kikuletee barua ya kuomba pesa kwa ajili yao? Sikulaumu. Polisi wa chuoni tuliowajua sisi ni wa kuvamia mabweni na virungu, na pesa mkononi mwa askari kwetu ina jina lake.

Huku Marekani ni vingine. Vyuo vingi vina idara yao ya polisi, askari walioapishwa na wenye mamlaka ya kukamata; Yale walianza tangu 1894. Mchango wako hauendi kwa askari yeyote. Unapokewa na chuo, unakatiwa risiti, na ukifika dola 250 ushike risiti hiyo ya maandishi kama wataka kuombea nafuu ya kodi.

Mimi hutoa kila mwaka. Hapa karibu, pale chuo cha MIT, pana mnara wa kumbukumbu wa mawe 32 ya matale yaliyoegemeana yakafanya kuba, watu wanapita chini yake. Wamemjengea Sean Collier, askari wa chuo hicho aliyeuawa kwa risasi akiwa ndani ya gari lake la doria tarehe 18 Aprili 2013, siku tatu baada ya mabomu ya mbio za marathoni za Boston. Alikuwa kijana, na alijiunga na klabu ya wanafunzi ya kupanda milima, akawa anatembea nao porini. Askari wa namna hiyo, anayewajua wanafunzi kwa sura na kwa jina, ndiye ninayemchangia.

Na shambulio la magaidi kwenye Chuo Kikuu cha Garissa, Kenya, halijanitoka moyoni. 2 Aprili 2015, alfajiri, watoto wa watu wako mabwenini. Kikosi maalumu kilitoka Nairobi, saa zikapita, na watu 148 wakauawa. Tangu siku hiyo siwezi kumsikia mtu akisema ulinzi wa chuo ni anasa.

Lakini usitoe kwa kufumba macho. Kwenye fomu mna nafasi ya kutaja pesa zako ziende wapi, na ukishataja chuo kinabanwa na maneno yako. Andika mafunzo ya huduma ya kwanza, vifaa vya kuzuia damu, dawa ya naloxone kwa aliyezidisha mihadarati. Andika hasa kusindikiza wanafunzi usiku. Mwanaidi akitoka maktaba saa saba za usiku anapiga simu, askari anamjia na tochi yake, wanaongozana mpaka mlango wa bweni, na haondoki mpaka kadi isome na binti aingie. Silaha sitoi hata senti. Hizo chuo kinunue kwa bajeti yake, kiwajibike kwa wazazi.

Tena kabla ya kutoa, soma ripoti yao ya usalama. Sheria ya Clery ya 1990 inavilazimu vyuo kuitoa kila mwaka kufikia 1 Oktoba, ikionyesha uhalifu wa miaka mitatu. Jeanne Clery alikuwa mwanafunzi wa Chuo Kikuu cha Lehigh, aliuawa chumbani mwake bwenini mwaka 1986, na wazazi wake hawakukaa kimya hadi sheria ikapita. Ukikuta chuo cha maelfu ya wanafunzi kimejaza sufuri tupu, shuku, upige simu uulize. Chuo kinachosema ukweli wake mchungu ndicho cha kusaidiwa.

Muulize na mwajiri wako pia. Wengi huku huongezea dola kwa dola juu ya ulichotoa, na watu hawaombi tu.

Nitumie picha ya hiyo fomu, Jumamosi tuijaze pamoja kwenye simu. Msalimie Mwanaidi sana, na mwambie namba ya polisi wa chuo aiweke kwenye simu yake leo leo.

Wako,
Rukia